Kila Kodi Juu ya Pigo Lake: Wajibu wa Anayeandika Nota za Liturujia



Wapendwa waamini, na kwa namna ya pekee ninyi walimu wa kwaya, wapiga kinanda na wapiga gitaa mnaolihudumia taifa la Mungu, leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo: herufi zinazoandikwa juu ya mistari ya nota, kama vile F, C/E au Dm7. Herufi hizo huitwa alama za kodi. Kodi tunayoisema hapa si ile inayolipwa serikalini; ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja ili kuubeba wimbo. Tunaliandika jambo hili kwa sababu sisi wenyewe tulilikosea, na kosa letu likabebwa na mtu mwingine.

Ukurasa uliopendeza macho

Parokia yetu ilikuwa inajiandaa kwa Misa ya Kipaimara. Usiku mmoja kabla ya mazoezi ya mwisho tulikaa mbele ya kompyuta tukiandika upya zaburi ya kuitikizana kwa programu ya kuandikia nota. Ulikuwa ukurasa mwepesi: melodia moja, maneno chini yake, alama za kodi juu yake. Katika kiitikio, kipimo kimoja cha mapigo manne kilikuwa na kodi nne, moja kwa kila pigo: F, C/E, Dm7, kisha B♭, yaani B flati. Kipimo kilichofuata kilianza na C7.

Nota za kipimo kile zilikuwa zimekaribiana mno, hivyo alama zikapandana hata Dm7 ikawa haisomeki. Tukafanya kile ambacho wengi hukifanya: tukaishika Dm7 kwa kipanya, tukaiburuta kidogo kuelekea kulia. Hapo ikaigonga B♭. Tukaiburuta B♭ nayo, ikavuka mstari wa kipimo. Ikabidi C7 pia isogee, ikaja kusimama juu ya pigo la pili. Mwishowe hakuna alama iliyoigusa nyingine, na ukurasa ukapendeza macho. Tukaiagiza kompyuta iupige wimbo. Ikaupiga bila kosa. Tukachapa nakala, tukalala kwa amani.

Siku ya mazoezi umeme ulikatika, kwaya ikaimba bila kinanda. Kwa hiyo binti anayetupigia kinanda aliufuata ukurasa ule kwa mara ya kwanza ndani ya Misa yenyewe, mbele ya Baba Askofu na familia zilizofurika hadi nje ya mlango. Naye akasoma kilichoandikwa. Ilipofika pigo la kwanza la kipimo kile cha pili, mwimbaji wa zaburi alikuwa katika sauti ya E, naye binti akapiga B♭, kwa maana hapo ndipo B♭ ilipokuwa imesimama. Sauti hizo hazikai pamoja. Mwimbaji akasita, kwaya ikagawanyika, na waamini, ambao ndio kwanza walikuwa wanajifunza kiitikio, wakanyamaza. Kila kiitikio kiliporudi, kosa nalo lilirudi.

Baada ya Misa tulimkaripia mbele ya kwaya nzima kwamba hakujiandaa. Akajibu kwa sauti ya chini: “Baba, mimi nimepiga kama ilivyoandikwa.” Tukamwambia asitafute visingizio. Dominika mbili zilizofuata alikuja Misani akaketi katika mabenchi ya nyuma, na kinanda kikabaki kimefunikwa kitambaa chake.

Jumatatu iliyofuata tuliuchukua ukurasa ule ili tumwoneshe kosa lake. Tukaufuata kwa kidole, pigo kwa pigo. Kosa tuliliona, lakini halikuwa lake.

Mahali pawili pa alama moja

Swali lililotusumbua lilikuwa hili: kama ukurasa ulikosewa, mbona kompyuta iliupiga sawasawa? Jibu lake ndilo kiini cha makala hii, na kila anayeandika nota kwa kompyuta anapaswa kulijua.

Katika programu za kuandikia nota, alama ya kodi huwa na mahali pawili. Mahali pa kwanza ni pale ilipofungwa: nota au pigo ambalo mwandishi alikuwa amelichagua alipoiandika. Mahali pa pili ni pale inapoonekana kwenye karatasi. Tukiiandika alama na kuiacha, mahali hapa pawili hukaa pamoja. Tukiiburuta kwa kipanya, kwa kawaida tunabadilisha mahali inapoonekana tu. Ndani ya programu alama inabaki imefungwa kwenye pigo lake la awali. Kompyuta inapoupiga wimbo, hufuata pale alama ilipofungwa. Mpiga kinanda hufuata pale inapoonekana, kwa sababu hana kingine cha kufuata.

Ndiyo maana masikio yetu usiku ule yalitudanganya. Tulichokisikia kilikuwa sahihi, na tulichokichapa kilikuwa na kosa. Tangu siku ile tumejiwekea kanuni: kusikiliza kompyuta ikipiga si kuukagua ukurasa. Ukurasa hukaguliwa kwa macho, kwa kulinganisha kila alama na pigo lililo chini yake.

Kwa nini alama hugongana

Programu hugawa nafasi ya ukurasa kwa kuangalia kwanza urefu wa nota kwa muda. Nota ya mapigo manne hupewa nafasi kubwa kuliko nota ya pigo moja, ingawa si mara nne. Nota fupi hubanwa pamoja. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Wachonga nota wa vitabu vya kale waliufuata kwa mkono, kwa kuwa jicho la msomaji husoma muda kwa kuona umbali.

Baada ya hapo huja maneno. Hapa lugha yetu ya Kiswahili ina tabia yake. Silabi zake nyingi ni fupi na huishia kwa irabu, na nyingine ni irabu peke yake: a, i, u. Silabi kama hizo huchukua nafasi ndogo sana chini ya nota, hivyo programu haioni sababu ya kuitanua mistari. Lakini juu ya silabi hiyo hiyo ya herufi moja, mtunzi anaweza kuwa ameweka B♭maj7, alama yenye upana wa silabi nne au tano. Chini kuna nafasi ya kutosha, juu hakuna. Hapo ndipo alama hupandana, na mkono wa mwandishi hukimbilia kipanya.

Kosa basi huanza katika nafasi kati ya nota, kisha huonekana katika alama. Nota zimekaribiana kuliko inavyofaa, na dawa yake ni kuzitanua nota. Tukiisogeza alama bila kuzisogeza nota, tumeiondoa alama mahali pake ili kuficha ufinyu wa nafasi.

Namna ya kurekebisha

Hatua ya kwanza ni kuzirudisha alama zote mahali pake pa asili kabla ya kurekebisha chochote. Katika MuseScore, programu inayopatikana bure, tunachagua alama zilizosogezwa na kubonyeza Ctrl na R kwa pamoja. Kila alama hurudi juu ya nota au pigo ilikofungwa. Kwa wengi wetu hatua hii peke yake hufichua makosa ambayo hatukujua kwamba tuliyafanya.

Hatua ya pili ni kuiagiza programu izingatie alama za kodi inapogawa nafasi. MuseScore ina mpangilio wa nafasi ndogo kabisa inayoruhusiwa kati ya alama na alama. Unapatikana katika mitindo ya ukurasa, upande wa alama za kodi. Finale ina orodha ya vitu ambavyo havipaswi kugongana, na kodi ni mojawapo. Tukishaweka tiki hapo, ugawaji wa nafasi unapaswa kutekelezwa upya ili mabadiliko yaonekane. Sibelius nayo, katika kanuni zake za nafasi za nota, inazingatia alama za kodi. Katika programu yetu ya usiku ule mpangilio wa namna hii ulikuwa umezimwa, nasi hatukujua kwamba upo.

Hatua ya tatu ni kupunguza vipimo katika kila mstari. Waandishi wengi hupenda wimbo wote uingie katika ukurasa mmoja, na nia yao ni njema, kwa sababu karatasi na wino vina gharama. Lakini mstari wenye vipimo sita vilivyobanwa humgharimu mpiga kinanda zaidi. Tuukate mstari kwenye vipimo vinne, au vitatu pale kodi zinapobadilika kila pigo. Katika MuseScore tunachagua mstari wa kipimo na kubonyeza Enter, na mstari mpya huanzia hapo. Kipimo kimoja kikiwa bado kimebanwa, kinaweza kutanuliwa peke yake bila kugusa vingine.

Hatua ya nne inahusu nota ndefu. Mara nyingi melodia hushikilia nota moja kwa mapigo manne huku kodi zikibadilika chini yake, kwa mfano mwishoni mwa kiitikio. Kwa kuwa hakuna nota katika pigo la tatu, wengine huandika kodi zote mbili juu ya nota ileile, kisha huiburuta ya pili kulia kwa kukisia. Hakuna haja ya kukisia. Programu hizi huruhusu alama kufungwa kwenye pigo hata pasipo na nota. Katika MuseScore, tukiwa tunaandika kodi, kitufe cha nukta-mkato hutupeleka pigo linalofuata. Alama iliyofungwa hivyo hukaa mahali pake hata tukibadilisha ukubwa wa ukurasa kesho.

Hatua ya tano ni kujiuliza kama kila kodi inahitajika. Si kila pigo linahitaji kodi mpya, na si kila Dm inahitaji kuwa Dm7. Pale mtunzi ni sisi wenyewe, tunaweza kupunguza. Pale mtunzi ni mwingine, tumuulize kwanza. Kazi yake si mali yetu. Ukubwa wa herufi nao unaweza kupunguzwa kidogo, ila tukumbuke kwamba ukurasa huwekwa juu ya kinanda, mbali kidogo na macho, na makanisa yetu mengi hayana taa za kutosha katika Misa ya alfajiri.

Hatua ya mwisho ni usawa wa kimo. Alama za mstari mmoja zinapaswa kukaa katika kimo kimoja kadiri inavyowezekana. Nota ya juu ikilazimisha alama moja kupanda, ni afadhali zote za mstari huo zipandishwe pamoja. Katika Finale kazi hiyo hufanywa kwa vishale vidogo vinavyoonekana kushoto tunapotumia kifaa cha kodi. Katika MuseScore tunazichagua alama zote za mstari na kuziinua kwa mara moja. Kuipandisha alama hakuiondoi juu ya pigo lake. Kuisogeza kulia au kushoto ndiko kunakoiondoa.

Nakala zinazosafiri

Nyimbo zetu husafiri. Ukurasa unaoandikwa parokiani leo hupigwa picha kwa simu na kesho unaimbwa kigangoni, keshokutwa jimbo jingine. Kwa sababu hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, tutume ukurasa uliofungwa kama PDF pamoja na faili lake la asili, ili anayepokea auone kama tulivyouandika. Wale wenye nyimbo nyingi katika Finale wajue kwamba Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kusitisha uendelezaji wa programu hiyo. Ni busara kuzihamisha kazi hizo mapema kwa njia ya MusicXML, mfumo unaosomwa na programu nyingi. Ila baada ya kuhamisha, kila alama ya kodi ikaguliwe tena. Sehemu zilizowahi kuburutwa kwa mkono ndizo huvurugika kwanza.

Pili, tuache mazoea ya kuandika maneno katika ujumbe wa simu na kuweka kodi juu yake kwa kubonyeza nafasi tupu nyingi. Katika herufi za kawaida, i ni nyembamba na m ni pana. Simu ya anayepokea ikiwa na kioo au herufi tofauti, kodi zote huhama. Kama hatuna nota, ni salama zaidi kuandika kodi ndani ya maneno yenyewe, katika mabano ya mraba, mbele ya silabi inayohusika. Hapo kodi husafiri pamoja na silabi yake.

Tatu, chini ya kila ukurasa tuandike tarehe ya nakala hiyo. Tukisahihisha, tubadilishe tarehe. Bila hivyo hakuna atakayejua kama alichonacho mkononi ni nakala yenye kosa au iliyosahihishwa.

Kwa nini Kanisa lijali

Huenda msomaji anauliza kama haya ni mambo ya padre kuyaandikia. Tunadhani ni mambo yake. Maelekezo ya Kanisa juu ya muziki katika liturujia, Musicam Sacram, yaliyotolewa tarehe 5 Machi 1967, yanafundisha kwamba ala zinazosindikiza uimbaji zinaweza kuzitegemeza sauti, kurahisisha ushiriki wa waamini na kulijenga kusanyiko katika umoja wa ndani zaidi. Yanatahadharisha pia kwamba ala zisiyafunike maneno. Siku ile ya Kipaimara kinanda kilifanya kinyume cha yote hayo, na chanzo chake kilikuwa ukurasa wetu.

Kuandika nota ni kazi ambayo Kanisa limeilea kwa karne nyingi. Katika karne ya 11 mmonaki Guido wa Arezzo alifundisha matumizi ya mistari na silabi ut, re, mi, fa, sol, la ili mwimbaji aweze kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Mwaka 1602 Mfransisko Lodovico Viadana alichapisha huko Venezia kitabu chake Cento concerti ecclesiastici, chenye besi ya pekee ya kumwongoza mpiga kinanda, ambaye alijaza sauti nyingine mwenyewe. Katika miaka iliyofuata wapiga kinanda wa makanisa walizoea kusoma besi zenye tarakimu, kila tarakimu ikiwa na nota yake. Alama zetu za kodi ni ndugu wa tarakimu zile. Zote hutegemea uaminifu uleule: kwamba anayesoma anaweza kumtumaini aliyeandika, hata kama hawatakutana kamwe.

Nabii Habakuki aliamriwa aandike ujumbe wa Mungu kwa uwazi, kiasi kwamba hata aliye mbioni aweze kuusoma. Mpiga kinanda katikati ya Misa yuko mbioni. Hana muda wa kusimama na kujiuliza mwandishi alikusudia nini. Ana pigo moja tu la kuamua, na anaamua kwa kutuamini.

Kabla ya kuugawa ukurasa wowote, basi, tumpe mtu ambaye hajausikia wimbo huo, tumwache aupige bila maelezo yetu, nasi tukae kimya tusikilize. Akikosea, tuuangalie ukurasa kwanza kabla ya kumwangalia yeye.

Sisi hatukufanya hivyo, na tulipotambua kosa letu tulijua kwamba kumwita binti yule ofisini faraghani kusingetosha. Tulimkaripia mbele ya kwaya. Ilitupasa kumwomba radhi mbele ya kwaya. Tulikwenda kwenye mazoezi tukiwa na ukurasa ule, tukamwonesha kila mmoja B♭ ilipokuwa na ilipopaswa kuwa, tukasema kwamba alipiga kama ilivyoandikwa na kwamba aliyeandika ni sisi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Asante, Baba. Naomba basi huo ukurasa mpya niujaribu.” Akaondoa kitambaa juu ya kinanda, akaketi.

Siku hizi hakuna ukurasa unaotoka parokiani kwetu kabla yeye hajaupiga. Ameshaturudishia kadhaa. Nakala ile ya kwanza, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kwenda katika parokia jirani kabla hatujaisahihisha, na hatuwezi kuikusanya yote. Ukikutana na kiitikio ambacho B♭ yake imesimama baada ya mstari wa kipimo badala ya kabla yake, tafadhali irudishe mahali pake, na umsamehe aliyeiandika.